Ada ya athari za usafiri kwa mgahawa mdogo: ombeni hesabu kabla ya kuomba msamaha

"Mimi na mume wangu tunaishi katika mji wa wastani jimboni California. Tumepata chumba cha biashara chenye futi za mraba 1,800, kilichokuwa duka la viatu hadi miaka miwili iliyopita, na tunataka kukigeuza kuwa mgahawa. Tulipopeleka michoro, ofisi ya mipango miji ilitupa ankara ya ada ya athari za usafiri ya dola 68,040, yaani safari 16.2 za saa ya msongamano wa jioni, kila safari dola 4,200. Akiba yetu yote ni dola 90,000. Karani alisema kila mtu hulipa. Mfanyabiashara jirani anasema mji unaweza kuwasamehe wadogo ukitaka, na kwamba tukishalipa tumekubali, hakuna tena kudai. Mkataba wa pango bado hatujautia saini. Je, ni halali kututoza hivi kwa jengo lililokuwapo kabla yetu? Na unafuu kwa biashara ndogo upo kweli, au ni maneno ya wakati wa kampeni?"

Dada yangu, ninaelewa kwa nini ankara hiyo imewanyima usingizi. Mnaambiwa mtoe robo tatu ya akiba yenu kabla ya kununua jiko, na sababu mnayopewa ni magari ambayo bado hayajaja. Nitatanguliza ninachokiamini ili usome mengine ukijua ninakoelekea. Unafuu wa kwanza, na mara nyingi ulio mkubwa kuliko mwingine wote, haumo katika huruma ya baraza la mji; umo katika hesabu yenyewe. Kwa takwimu ulizoniandikia, sehemu kubwa ya dola hizo 68,040 huenda haikustahili kuandikwa tangu mwanzo, na kuiondoa si fadhila mnayoomba bali ni kosa mnaloomba lirekebishwe.

Tuanze na ada hii ni kitu gani, kwa sababu karani na jirani yenu wote wawili wameieleza vibaya. Si kodi, si faini, wala hailipwi kila mwaka. Ni malipo ya mara moja yanayoambatana na kibali cha ujenzi au ukarabati, na mantiki yake ni kwamba maendeleo mapya huleta magari mapya, magari hayo hudai njia pana zaidi, taa za barabarani na makutano bora, hivyo anayeleta ongezeko achangie gharama ya ongezeko hilo. California ina sheria mahususi kuhusu ada za namna hii, iliyopitishwa mwaka 1987 na kuanza kutumika mwaka 1989, na inapatikana katika Kanuni ya Serikali ya jimbo kuanzia kifungu cha 66000. Inautaka mji utaje ada ni ya nini na itajenga nini, kisha uonyeshe kwamba kuna uhusiano wa kuridhisha kati ya aina ya mradi wenu, mahitaji ya barabara na kiasi mnachotozwa. Fedha hizo lazima ziwekwe katika akaunti ya peke yake na zitolewe taarifa kila mwaka. Jambo moja ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui ni kwamba ada haiwezi kubeba gharama ya kurekebisha upungufu uliokuwapo tayari. Ikiwa makutano ya karibu yenu yalikuwa yamezidiwa na magari hata wakati duka la viatu linafanya kazi, gharama ya kuyatoa katika hali hiyo si yenu.

Kwa hiyo, kwa swali lako la kwanza: ndiyo, mji unaweza kutoza ada kwa jengo lililokuwapo, ikiwa matumizi mapya yanavuta magari mengi kuliko yale ya zamani. Kinachotozwa ni tofauti kati ya hayo mawili, na tofauti hiyo ndiyo siioni katika ankara yenu.

Hebu tuifungue ile 16.2. Miji mingi ya Marekani huchukua viwango vya safari kutoka katika mwongozo wa Taasisi ya Wahandisi wa Usafiri, ijulikanayo kwa herufi ITE. Wahesabuji wamekaa kwenye milango ya maduka, migahawa, benki na ofisi, wakahesabu magari yanayoingia na yanayotoka, kisha wakayagawa kwa ukubwa wa jengo. Hapa "safari" ni gari kuingia au gari kutoka, kwa hiyo mteja mmoja aliyekuja kwa gari lake amehesabiwa mara mbili. Ankara yenu inaonyesha kwamba mmepangiwa safari 9 kwa kila futi za mraba 1,000 katika saa moja ya jioni, na 9 mara 1.8 ni 16.2. Zile dola 4,200 zimetoka kwingine kabisa: mji umejumlisha gharama ya miradi ya barabara inayotarajiwa kuhudumia ukuaji, ukaigawa kwa idadi ya safari zote mpya zinazotarajiwa. Bei hiyo si rahisi kuibishia mezani kwa karani. Idadi ya safari, hiyo inabishika.

Sasa fikiri ni nani atakayeingia mgahawani mwenu saa kumi na moja na nusu jioni. Wengi watakuwa watu wanaotoka kazini wakielekea nyumbani, ambao wameona taa zinawaka, wakaegesha, wakachukua chakula, wakaendelea na njia yao. Gari la mtu huyo lingepita hapo hata kama mlango wenu ungekuwa umefungwa kwa kufuli. Ameongeza kazi kwenye lango la maegesho, ni kweli, lakini hajaongeza gari hata moja kwenye makutano yaliyo maili mbili mbele, ambayo ndiyo ada inataka kuyapanua. Wahandisi huziita hizi safari za wapita njia, na ITE yenyewe hutoa viwango vya kuziondoa kwa maduka na migahawa. Kutoziondoa ni kuwatoza ninyi kwa magari ambayo mtu mwingine, yaani aliyejenga nyumba au ofisi mwanzoni na mwishoni mwa safari hiyo, huenda ameshayalipia.

Halafu kuna duka la viatu. Nalo lilivuta magari, na barabara zilizopo zilipangwa zikiyajua. Kanuni za miji mingi zina kipengele cha kutoa salio kwa matumizi ya awali: unahesabu safari za mgahawa, unahesabu safari za duka, unatoza kinachozidi. Sehemu yenye utata katika kisa chenu ni ile miaka miwili ya kukaa wazi. Baadhi ya miji huweka muda, kwamba chumba kikikaa bila mpangaji kwa miaka kadhaa, salio hupotea. Mingine haina muda wowote, salio hukaa na jengo. Yamkini karani ameona chumba ni kitupu, akaandika sifuri kwa mazoea tu. Muda huo, kama upo, lazima uwe umeandikwa katika kanuni ya mji au katika azimio la baraza lililoweka ada. Mwombeni awaonyeshe mstari wenyewe.

Nitakupa mfano wa hesabu, kwa viwango nilivyovikadiria mimi ili muone ukubwa wa jambo. Vyenu mtavipata katika jedwali la mji. Tuseme wapita njia wa mgahawa ni asilimia 40. Safari 16.2 zinabaki 9.72, na ada inashuka hadi dola 40,824. Tuseme duka lilikuwa na safari 4 kwa kila futi 1,000, yaani 7.2, na ukiondoa asilimia 30 ya wapita njia wake zinabaki 5.04. Tofauti ni safari 4.68, ambazo kwa dola 4,200 ni dola 19,656. Hakuna aliyesamehewa chochote hapo. Na angalia kwamba nimeondoa wapita njia pande zote mbili. Ukiwaondoa kwenye mgahawa ukawaacha kwenye duka, utapata jibu tamu zaidi, lakini mhandisi wa mji ataliona kosa kwa kutupa jicho moja, na baada ya hapo hatakuamini hata pale unaposema kweli.

Angalieni pia kapu mlilotiwa. Katika meza za ITE mgahawa wa watu kukaa, mgahawa wa chakula cha haraka na kibanda cha kahawa havina kiwango kimoja, na dirisha la kuuzia watu wakiwa ndani ya magari hupandisha idadi sana. Kama michoro yenu imeandika "mgahawa" bila maelezo, karani huchagua mwenyewe. Kuna wakati, hasa kwa chumba kidogo ndani ya jengo lenye maduka mengi, ambapo kanuni huruhusu eneo lote lihesabiwe kama kituo kimoja cha biashara, na mpangaji mmoja akibadilika hakuna ada mpya. Ulizeni hilo. Likiwahusu, ubishi wa viwango unakwisha papo hapo.

Nije kwa jirani yenu. Kuhusu kulipa kwamba ni kukubali, amekosea, na kosa hilo ni la hatari. Kifungu cha 66020 cha sheria niliyoitaja kinawaruhusu kulipa huku mkipinga. Mnalipa ada yote, au mnaonyesha kwa njia inayokubalika kwamba malipo yamepangwa, kisha mnawasilisha barua inayosema mnalipa kwa pingamizi na kueleza mambo ya hakika na hoja za kisheria mnazozitegemea. Mji hauwezi kuwanyima kibali kwa sababu tu mmepinga, na mkishinda mnarudishiwa kilichozidi pamoja na riba. Ila saa inahesabu: barua ya pingamizi hutolewa ndani ya siku 90 tangu ada ilipowekwa, na kesi, ikifika huko, hufunguliwa ndani ya siku 180 tangu mji ulipowapa taarifa rasmi ya ada na ya haki hiyo. Andikeni leo tarehe mliyopewa karatasi hiyo, na mtunze bahasha yake.

Kuhusu kusamehe "wakitaka", jirani yuko karibu na ukweli lakini hajaufikia. Karani hana mamlaka ya kupunguza kitu ambacho baraza limekipitisha. Baraza linaweza, ila kila dola inayosamehewa huacha shimo katika mfuko wa barabara ambao orodha yake ya miradi imekwisha kupangwa, na shimo hilo haliwezi kujazwa kwa kumwongezea mwingine, kwa sababu huyo mwingine naye ana haki ya kutotozwa zaidi ya uzito wa mradi wake. Jimbo la Washington limeliandika jambo hili wazi: sheria yake inaruhusu miji kusamehe miradi yenye manufaa mapana kwa umma, lakini kwa kawaida mji hulazimika kufidia sehemu hiyo kwa fedha nyingine za umma. Mwanasiasa anayeahidi msamaha bila kusema fedha zitatoka wapi hajamaliza sentensi yake.

Mahakama nazo zimeingia katika suala hili, na kisa kimoja kinafanana na chenu kuliko unavyoweza kudhani. Florence Dolan alikuwa na duka la vifaa vya mabomba na umeme huko Tigard, Oregon, akataka kulipanua karibu mara mbili. Mji ukamtaka, pamoja na mambo mengine, atoe kipande cha ardhi kwa ajili ya njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, kwa hoja kwamba duka kubwa lingeongeza takribani safari 435 kwa siku na kwamba njia hiyo ingeweza kupunguza baadhi yake. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba "ingeweza" haitoshi. Mji ulipaswa kufanya jitihada ya kuonyesha kwa takwimu kwamba unachokidai kinalingana kwa makadirio na athari ya mradi wenyewe. Mwaka 2013 mahakama hiyo ilieleza kwamba kipimo hicho kinahusu pia madai ya fedha. Kisha, Aprili 2024, katika kesi ya George Sheetz dhidi ya kaunti ya El Dorado hukohuko California, mtu aliyetozwa dola 23,420 za athari za usafiri kwa nyumba moja ya kuletwa ikiwa tayari, majaji wote walikubaliana kwamba ada haikwepi kipimo hicho eti kwa sababu imewekwa na chombo cha kutunga sheria. Lakini msiondoke mkidhani kila jedwali la ada sasa ni batili. Mahakama haikusema ada ya Sheetz ilikuwa haramu. Ilirudisha kesi jimboni, na iliacha bila kujibu swali la kama ada ya jumla kwa kundi la miradi lazima ipimwe kwa usahihi uleule wa mradi mmoja mmoja. Kwa watu wenye chumba cha futi 1,800, kesi hizi si silaha ya kwenda nayo mahakamani. Zinawasaidia kwa njia nyingine: mwanasheria wa mji anazijua, na ukimwomba mhandisi hesabu yake kwa maandishi, hawezi tena kukujibu kwamba kila mtu hulipa.

Sasa unafuu wa kisera. Upo kweli, lakini unatofautiana mno mji kwa mji, na sheria nyingi za jimbo za kuahirisha malipo, kwa mfano ile ya California iliyotiwa saini mwaka 2024, zimelengwa nyumba za kuishi, si biashara. Kwa biashara mtakuta mambo kama msamaha wa futi za kwanza za eneo, kutotoza mabadiliko ya matumizi katika majengo madogo yaliyopo, viwango vya chini katikati ya mji au karibu na vituo vya treni, malipo kwa awamu, au kulipa wakati wa kupewa ruhusa ya kuanza kutumia jengo badala ya wakati wa kibali.

Mkiniuliza ni upi ulio bora, nitasema bila kusita ule wa majengo yaliyopo. Punguzo linalotolewa kwa sababu mwenye biashara ni mdogo lina tatizo la kimsingi: barabara haijui salio la benki la mwenye mgahawa, na mgahawa wa familia unaovuta magari 30 unaijaza sawasawa na tawi la kampuni kubwa linalovuta 30. Punguzo la aina hiyo huyumba pia linapopingwa, maana halisimami juu ya uhusiano ambao sheria inautaka. Lakini jengo lililokuwapo, dogo, katikati ya makazi, lina hoja yake yenyewe. Mwongozo wa kitaalamu wa jimbo la California wa mwaka 2018 kuhusu kupima maili zinazosafiriwa na magari unaeleza kwamba maduka ya kuhudumia mtaa kwa kawaida hufupisha safari badala ya kuziongeza, kwa sababu mtu hupata karibu alichokuwa akikiendea mbali. Mwongozo huo unahusu tathmini ya mazingira, si ada, na hauwafungi watoza ada. Hata hivyo ni hoja nzuri ya kuipeleka katika kikao cha hadhara wakati baraza linapoijadili upya ada yake, na ina uzito kuliko kulia ugumu wa maisha.

Malipo kwa awamu ni jambo la kuangaliwa kwa makini. Hayapunguzi ada, yanaigawa tu, mara nyingi yakiwa na riba, na mji huweza kudai dhamana juu ya jengo, jambo linalohitaji saini ya mwenye jengo. Kwa biashara ambayo miezi yake sita ya kwanza haina faida, bado huenda yakawa ndiyo tofauti kati ya kufungua na kutofungua. Utafiti huru wa trafiki, ambao baadhi ya kanuni huruhusu mleta maombi kuuagiza kwa gharama yake, siushauri kwa chumba cha ukubwa huu mpaka mhandisi wa mji awaambie kwa maandishi atakubali mbinu gani. Una gharama, na ukitoa idadi kubwa kuliko ya jedwali mji unaweza kuishikilia hiyohiyo.

Inawezekana pia mkafuata yote haya, hesabu ikarekebishwa, ikabaki dola 20,000 au hata zaidi, na ikawa ni sahihi. Hapo swali linakuwa la biashara na si la haki tena: chumba hiki kwa bei hii, au kingine kilichokuwa mgahawa tangu zamani, ambacho salio lake la safari linaweza kulingana na safari zenu na ada ikawa sifuri. Kwa akiba ya dola 90,000, mimi ningeangalia hicho cha pili angalau kwa wiki mbili kabla ya kuamua.

Na ndiyo maana nimefurahi kusoma kwamba hamjatia saini. Ada inayolipwa kwa kawaida hubaki na jengo: ninyi mkiondoka baada ya miaka mitatu, mpangaji mwingine wa mgahawa atakuta salio mliloligharimia, na mwenye jengo ataweza kulipangisha kwa bei bora. Anafaidika, kwa hiyo ni haki achangie. Mwombeni alipe sehemu, au aikate katika pango la miezi ya mwanzo. Mwombeni pia vielelezo vya duka la viatu, kama mikataba ya zamani, leseni na ankara za maji na umeme, kwa sababu ushahidi wa salio uko mikononi mwake, hauko kwenu.

Mtafuteni wakili wa masuala ya ardhi na ujenzi, ana kwa ana, ikiwa siku 60 zimekwisha kupita tangu ada iwekwe, ikiwa mji unakataa kuwaonyesha hesabu au kanuni ya muda wa salio, au ikiwa mnataka kulipa kwa pingamizi. Barua hiyo ni fupi, lakini hoja isiyotajwa ndani yake huenda msiweze kuitumia baadaye. Saa moja au mbili za wakili aliyewahi kushughulikia ada hizi zinatosha kwa hatua hii. Kabla ya hapo, ushauri wa bure kuhusu bajeti na mkataba wa pango hupatikana katika vituo vya kuendeleza biashara ndogo, SBDC, vinavyofadhiliwa kwa sehemu na shirika la serikali kuu la biashara ndogo, SBA.

Kwa wiki hii andikeni barua moja tu kwa mhandisi wa trafiki wa mji, nakala kwa karani. Ombeni karatasi ya hesabu iliyozaa 16.2, kapu la matumizi mliloingizwa, kiwango cha wapita njia kilichotumika, kanuni ya salio la matumizi ya awali, na nakala ya utafiti uliozaa dola 4,200. Mkataba wa pango uwekeni kando hadi majibu yarudi. Mwenye jengo akiwaharakisha, aongeze kipengele kwamba mkataba unavunjika bila adhabu ikiwa ada ya mwisho itazidi kiasi mtakachokubaliana.